Hazina za Utotoni Zaenda Wapi?

Watu wazima hupenda kuyacheka mambo ya watoto. Mtoto akilia kwa kuwa gari lake la waya limekanyagwa na ng'ombe, twamwambia anyamaze, maana kilichovunjika si kitu. Lakini jioni ileile simu ya baba ikianguka na kupasuka kioo, nyumba nzima hukaa kimya kwa hofu, wala hakuna anayethubutu kumwambia ya kwamba kilichovunjika si kitu. Basi ni nani kati ya hao wawili aliye mtoto? Na je, mtu anapokua huviacha kweli vitu alivyovipenda utotoni, au huvibadili tu kwa vingine vya bei kubwa zaidi?

Twawaomba wasomaji wetu wasilidhani swali hili kuwa dogo. Bwana wetu Yesu Kristu alipotaka kutuonyesha mahali moyo wa mtu unapokaa, hakututuma tukachunguze maneno yake wala ukoo wake. Alitutuma tukatazame hazina yake. Kwa hiyo mtu anayejua alikipenda kitu gani alipokuwa na miaka saba, na anakipenda kitu gani leo, na upendo ule wa kwanza ulipita njia gani hata ukafika kwenye huu wa pili, huyo amekwisha kuijua sehemu kubwa ya historia ya roho yake.

GUNZI LA MAHINDI

Tuchukue mfano wetu katika nchi ya Wazigua, huko Sindeni na vijiji vya jirani, upande wa Handeni na Korogwe, katika Jimbo la Tanga. Ni nchi ya wakulima wa mahindi, na mvua ikikosekana njaa haichelewi kubisha hodi. Mahindi yakisha kupukuchuliwa, magunzi hubaki yamelundikana uani. Mama huyachukua kuwashia moto. Lakini mtoto wa kike, kabla mama hajafika, amekwisha kuchagua gunzi moja. Amelivika kipande cha kanga kuukuu, amelifunga mgongoni kama alivyoona dada zake wakifanya, na sasa analibembeleza lilale. Kaka yake naye amekata magurudumu katika ndala iliyokatika, au amefinyanga ng'ombe wa udongo na kuwaanika juani. Mambo haya si ya Sindeni peke yake; kila msomaji wetu, awe wa Songea au wa Bukoba, atakumbuka ya kwake.

Sasa tutazame vema. Magunzi yale mengine yote yamekwenda jikoni, na hakuna aliyeyasikitikia. Hili moja likitiwa motoni, kutakuwa na kilio. Lina tofauti gani na yale mengine? Halikuzidi kwa ukubwa wala kwa uzuri. Sokoni halina bei hata ya senti moja. Tofauti yake ni kwamba lilichaguliwa, likapewa jina, likatumikiwa. Ni neno hili la mwisho tunalotaka wasomaji walishike. Mtoto hakulipenda gunzi kwa sababu ya faida aliyoipata kwake. Yeye ndiye aliyelibeba, aliyelilisha, aliyelifunika wakati wa baridi. Thamani ya kitu kile ilitoka katika huduma ya yule aliyekipenda.

Mtu mzima, aghalabu, huhesabu kinyume chake. Kwake kitu ni cha thamani kwa kadiri kinavyomtumikia, au kwa kadiri kinavyomwonyesha mbele za watu. Aliyenunua pikipiki huipenda kwa kuwa humbeba. Aliyejenga nyumba ya bati jipya huipenda kwa kuwa wapitao njiani huitazama. Hatusemi kwamba jambo hilo ni dhambi. Twasema tu kwamba ni upendo wa namna nyingine, na ya kwamba mtu aweza kuhama kutoka upendo wa kwanza kwenda huu wa pili bila kutambua kwamba amehama.

Wala hatutaki kuwafanya watoto kuwa malaika. Mtoto huyohuyo anayelibembeleza gunzi lake humpokonya mwenzake gololi na kupiga kelele kwamba ni yake. Mtakatifu Agustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyeandika kitabu chake cha Maungamo karibu na mwaka 400, alisimulia kwamba alimwona mtoto mchanga, asiyejua bado kusema, akimtazama kwa wivu mwenziwe aliyekuwa ananyonya. Mbegu mbili, basi, zimo katika moyo wa mtoto tangu mwanzo: mbegu ya kutumikia na mbegu ya kushikilia. Shauri lote ni kujua ni ipi itakayomwagiliwa maji.

DARAJA SI MAHALI PA KUJENGA NYUMBA

Katika mwaka 1951 daktari mmoja wa watoto huko Uingereza, jina lake Donald Winnicott, aliwaeleza wenzake jambo ambalo mama wengi walikuwa wanaliona bila kulitilia maanani. Watoto wengi wadogo huwa na kitu kimoja, kipande cha blanketi au mwanasesere laini, ambacho hawawezi kulala bila kukishika. Kikifuliwa hulia, maana harufu yake imebadilika. Daktari huyo alisema ya kwamba kitu hicho humsaidia mtoto kuvuka kutoka hali ya kuwa kama kitu kimoja na mama yake kwenda katika dunia yenye watu wengine. Na tena alisema kwamba mtoto mwenye afya, akikua, hakililii kitu kile wala hakisahau kwa nguvu; kinapungua tu maana yake, kwa sababu upendo uliokuwa umekusanyika hapo umeenea mahali pengi.

Twaona ndani ya maneno hayo kanuni moja iliyo njema hata kwa Mkristu. Hazina ya utotoni ni daraja. Kazi ya daraja ni kumvusha mtu. Na upande wa pili wa mto huu si vitu vikubwa zaidi, bali ni watu. Binti aliyebeba gunzi alikuwa anajifunza kubeba mtoto. Kijana aliyefinyanga ng'ombe wa udongo na kuwaingiza zizini kabla ya usiku alikuwa anajifunza kuamka usiku kwa ajili ya nyumba yake. Atakayevuka atalishukuru daraja na kuendelea na safari. Lakini kuna watu wanaofika katikati ya daraja, wakapaona pazuri, wakajenga nyumba papo hapo.

MTOTO WA MTI

Wazee wetu waliifahamu kanuni hii kabla ya daktari yeyote kuiandika. Wazigua, pamoja na jirani zao Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Waluguru, walikuwa na sanamu ndogo ambayo wataalamu wameizoea kwa jina la mwana hiti, ingawa majina yake hutofautiana kidogo toka kabila hadi kabila. Ni kipande cha mti kilichochongwa, urefu wake aghalabu sentimita 10 hadi 15, chenye kichwa kilichosukwa mashungi mawili, matiti madogo na kitovu. Hakina mikono wala miguu. Pengine badala ya mti hutumika kibuyu, nacho huvikwa ushanga.

Mwali alipowekwa ndani, alikabidhiwa sanamu hiyo. Alipaswa kuiosha, kuipaka mafuta, kuitengeneza nywele na kulala nayo, kama vile yeye mwenyewe alivyooshwa na kupakwa mafuta na wale waliomtunza. Akiipuuza alikaripiwa. Siku zake zikiisha, akatolewa nje mbele ya watu kwa ngoma na vigelegele, sanamu haikuwa mali yake. Ilirudi kwa wazee wa kike wa ukoo, ikangoja binti mwingine. Mara nyingi ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa mama yake na bibi yake kabla ya kufika kwake.

Yapo mambo katika desturi hizo ambayo Kanisa haliwezi kuyakubali, na twayataja waziwazi ili asiwepo wa kutuelewa vibaya. Kipande cha mti hakimpi mtu uzazi wala hakimnyimi. Watoto ni majaliwa ya Mungu Mwenyezi, na mke asiyejaliwa mtoto hana laana wala hakosi heshima mbele ya Mungu. Tena hatumsifu mzazi yeyote anayemtoa binti shuleni ili akae ndani miezi mingi, au anayemwoza kabla ya umri wake. Sheria ya nchi yetu, tangu mabadiliko ya mwaka 2016, yamwadhibu vikali anayemwoa mwanafunzi, na ni haki iwe hivyo.

Lakini mtu mwenye hekima hutenganisha pumba na mchele. Katika jambo hili mchele ni huu: wazee waliweka mikononi mwa binti kitu cha thamani kuu, wakamwambia akipende kwa moyo wote, kisha wakamwambia akirudishe. Hawakungoja aseme kwamba amekichoka. Walikichukua wakati alipokuwa amekizoea. Kwa njia hiyo alijifunza kwamba mkono uliopokea ndio utakaotoa, na ya kwamba kitu kile kilikuwa kimekuja kumfundisha habari za mtu atakayekuja baadaye. Ni masomo mangapi ya siku hizi yanayofundisha hayo?

Na ona mambo yaliyofuata. Sanamu hizo zilipoanza kujulikana na wageni, zilinunuliwa na kuchukuliwa ng'ambo. Vitabu vimeandikwa juu yake na juu ya mafundisho ya namna hiyo: Hans Cory alichapisha kitabu chake juu ya sanamu za jando na unyago za Tanganyika mwaka 1956, Elisabeth Grohs akaandika juu ya mafundisho ya wasichana wa Wazigua na Wanguu mwaka 1980, na mwaka 1990 kikatoka mjini Munich kitabu chenye jina hilohilo la Mwana Hiti. Twawashukuru wataalamu, kwa kuwa bila wao mengi yangepotea. Hata hivyo leo sanamu nyingi za namna hiyo zimesimama ndani ya makabati ya vioo huko Ulaya na Marekani, na nyingine huuzwa kwa fedha nyingi katika minada. Kitu kile kile ambacho hakikuwa mali ya mtu, kilichopita toka mkono hadi mkono ili kufundisha kulea, sasa kina mwenyewe, kina bei, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kukigusa. Haiwezekani kuonyesha kwa mfano ulio wazi zaidi jinsi hazina ibadilikavyo inapotoka katika mikono ya kutumikia na kuingia katika mikono ya kumiliki.

WASIOVUKA

Turudi kwa Mtakatifu Agustino. Katika kitabu kile kile akumbuka jinsi walimu walivyompiga kwa kuwa alipenda kucheza mpira kuliko kusoma, na akumbuka pia kwamba walimu walewale walikuwa na michezo yao, ila michezo ya wakubwa huitwa kazi. Kisha asema jambo linalopaswa kumtisha kila mtu mzima. Asema kwamba tabia zilezile za mtoto anayedanganya na kugombana kwa ajili ya kokwa, mipira na ndege, ndizo zinazohamia, miaka ikipita, kwenye dhahabu, mashamba na watumwa. Tamaa ni ileile. Kimebadilika kitu tu, na adhabu nayo imekua: palipokuwa na fimbo ya mwalimu, sasa pana hukumu ya mahakama.

Hatuhitaji kwenda Hippo kuyaona hayo. Kila padre wa parokia ameyaona, na kila mzee wa usuluhishi kijijini. Ndugu wanne waliolala mkeka mmoja na kula sinia moja. Ndugu waliokuwa na mpira mmoja wa matambara na hawakuugombania hata siku moja, kwa sababu mpira hauchezwi na mtu mmoja. Baba yao amekufa. Udongo wa kaburi haujakauka, na arobaini haijafika, nao hawasalimiani kwa ajili ya kiwanja, au ng'ombe watatu, au baiskeli kuukuu ambayo hakuna kati yao anayeihitaji. Tena si haba wale wanaomfukuza mjane katika nyumba aliyoijenga pamoja na marehemu, na kuchukua hata sufuria alizopikia watoto wake. Watu hao huja Misa ya Dominika, huketi viti vya mbali, na ifikapo wakati wa kutakiana amani kila mmoja hutazama upande mwingine.

Twauliza: ni nani aliyewabadilisha? Si umaskini, maana walipokuwa watoto walikuwa maskini zaidi. Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya Ujamaa, alieleza kwamba jambo hili ni la moyo wala si la wingi wa mali. Mtu asiye na kitu aweza kuwa na roho ya unyonyaji, na mwenye mali aweza kuwa na roho ya ndugu. Alisema kweli. Waliolelewa kwa mpira wa matambara walikuwa na kitu kilichowakusanya. Walipokua wakafundishwa, nyumbani na mjini na hata katika maneno ya sifa wanayoyasikia harusini, kwamba mtu ni yule aliye na vitu. Wakaamini.

Hapa pana shauri la kufaa mara moja. Baba na mama wenye kitu, hata kiwe kidogo, wasione kuandika wasia kuwa ni kujiitia mauti. Waandike wangali na akili timamu, mbele ya mashahidi, wakiwataja mabinti pamoja na wana wa kiume, na wakimlinda yule atakayebaki mjane. Kugawa kwa haki mchana kweupe ni tendo la mwisho la malezi, na mara nyingi huokoa udugu ambao vikao kumi vya ukoo havitaweza kuuokoa baadaye.

KUWA KAMA WATOTO

Wapo watakaotujibu hivi: Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wakorinto, alisema kwamba alipokuwa mtu mzima aliyaacha mambo ya kitoto. Mbona basi mwatusifia magunzi na ng'ombe wa udongo? Wengine watatujibu kinyume: Bwana wetu alimsimamisha mtoto katikati ya mitume, akawaambia kwamba wasipogeuka na kuwa kama watoto hawataingia mbinguni. Mbona basi mwataka tukue?

Hakuna vita kati ya maneno hayo mawili. Mtume aliuacha ufinyu wa akili ya kitoto, ule unaodhani kwamba dunia yote ni changu na sasa hivi. Bwana aliusifu udogo wa mtoto, ule usiojua cheo na usioona aibu kupokea kila kitu kwa mkono wa mwingine. Mtu aliyekua vema ameliacha lile la kwanza na kulitunza hili la pili. Mtu aliyekua vibaya amefanya kinyume: ameupoteza unyenyekevu wa mtoto, na ameibakiza pupa yake.

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu atusaidie hapa. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1873, akafa mwaka 1897 akiwa na miaka 24 tu, na miaka mia moja baadaye Kanisa lilimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Katika historia ya maisha yake asimulia kwamba dada yake Léonie, alipojiona amekuwa mkubwa kupita umri wa kucheza na wanasesere, aliwaletea wadogo zake kikapu chenye nguo na vitambaa vya wanasesere, na juu yake amemlaza mwanasesere wake mwenyewe, ili wachague watakacho. Céline alichukua kitu kimoja kidogo. Teresia akatazama, akasema kwamba yeye anachagua vyote, akakibeba kikapu kizima. Msomaji atacheka, na ni haki acheke. Ndiyo ile mbegu ya kushikilia tuliyoitaja. Lakini Mungu hakuing'oa, aliigeuza. Alipokuwa mtu mzima Teresia aliona kwamba maisha yake yote yalikuwa katika neno lile: alitaka kuchagua yote ambayo Mungu anayataka, yaliyo matamu pamoja na yaliyo machungu, asibakize kitu.

Na katika safari yake ya Roma ya mwaka 1887, alipokuwa na miaka 14 na hamu yake ya kuingia utawani ikiwa bado haijakubaliwa, alijifariji kwa wazo la ajabu. Alikuwa amejitoa kwa Mtoto Yesu awe kitu chake cha kuchezea. Tena si kile cha bei kubwa ambacho watoto hukitazama tu bila kuthubutu kukigusa, bali mpira mdogo usio na thamani, ambao Yesu aweza kuurusha, kuutoboa, kuuacha pembeni au kuukumbatia, kama apendavyo. Huyu amevuka daraja kabisa. Aliyekuwa akitaka vitu vyote viwe vyake, sasa yeye mwenyewe ataka kuwa kitu mikononi mwa Mwingine.

MANENO MACHACHE KWA WAZAZI

Kutokana na hayo twapenda kuwashauri wazazi mambo manne, wala si magumu.

La kwanza, msikitupe wala kukichoma kitu cha mtoto bila kumwambia. Si kwamba gunzi ni kitu kitakatifu, bali mtoto, anapoona kile alichokitunza kinatupwa kama takataka, hujifunza kwamba kutunza ni upuuzi. Fagieni uani, lakini muulizeni kwanza.

La pili, msilipe deni la kutokuwapo kwenu kwa vitu. Siku hizi baba anayefanya kazi mbali hurudi na mfuko wa wanasesere wa plastiki kutoka dukani, na mama aliyechoka humpa mtoto simu ili anyamaze. Mtoto hunyamaza kweli. Lakini gari la waya lilimlazimu atafute waya, akate ndala, amwombe kaka yake msaada, agombane naye na kupatana. Simu haimwombi lolote ila macho yake. Nusu saa ya baba anayeketi chini na kukunja waya pamoja na mwanawe inazidi thamani ya mfuko mzima wa dukani.

La tatu, wafundisheni kutoa kile ambacho bado wanakipenda. Wakati wa Noeli wazazi wengine huwaambia watoto wawapelekee maskini vitu vilivyovunjika. Hilo si fundisho la ukarimu, ni fundisho la kusafisha nyumba. Afadhali mtoto atoe kitu kimoja kizima, kwa hiari yake, na machozi kidogo yakimtoka, naye aone kwa macho yake furaha ya aliyepokea. Msimlazimishe, mtangulieni ninyi kwa mfano.

La nne, jichungeni wenyewe. Mtoto hasikilizi sana tunayoyasema juu ya mali. Hutazama ni kitu gani kikivunjika baba hukasirika, na ni kitu gani kikipotea mama hulia. Huko ndiko anakojifunza thamani ya vitu. Nyumba ambayo sahani ikivunjika kuna kelele, lakini mtoto akikosa sala ya jioni hakuna anayeona, imekwisha kufundisha katekisimu yake.

VITU VINAVYOBAKI

Tusimalize bila kusema neno jema juu ya vitu, maana Mungu aliviumba akaona ni vyema, na dini yetu yenyewe haiogopi maji, mafuta, mkate na divai. Wahenga walisema: usitupe mbachao kwa msala upitao. Vipo vitu ambavyo mtu mzima hana haja ya kuviacha nyuma, kwa kuwa tangu mwanzo vilimwelekeza kwa mtu.

Mama mmoja aweza kuwa na kanga iliyofifia rangi, yenye maandishi yasiyosomeka tena, ambayo haivai na hataki kuitupa. Ndiyo mbeleko aliyobebea watoto wake, na huenda yeye mwenyewe alibebwa kwa nyingine ya namna hiyo. Desturi yetu katika ndoa, ya kumpa mama wa bibi harusi ada ya mbeleko, haikukusudia kulipia kitambaa. Hakuna fedha inayolipa mgongo wa mama. Ni kukiri tu kwamba binti huyu hakujibeba. Mama akifa, mabinti huigawana kanga ile si kwa bei yake, na hatujapata kusikia watu wakipelekana mahakamani kwa ajili ya mbeleko.

Kadhalika rozari ya Komunyo ya Kwanza. Mtoto wa miaka tisa huipokea kama kitu kizuri kinachong'aa, akaivaa shingoni, akawaonyesha wenzake, na mara nyingi akakemewa na katekista. Akiwa kijana huisahau sandukuni. Wengine huitundika garini kama pambo, ikining'inia mbele ya kioo safari baada ya safari bila kushikwa. Lakini wapo wengi ambao siku ya msiba, au mtoto alipolazwa hospitali usiku, mkono uliitafuta wenyewe. Punje zimepungua rangi, mnyororo umefungwa kwa uzi. Kitu ni kilekile cha utotoni. Ila sasa hakimwonyeshi mwenyewe mbele za watu, chamshikisha mkono wa Mama Maria. Na siku ya mwisho, vidole visipoweza tena kushika kitu chochote, watu wengine wataifunga rozari ile mikononi mwake, nayo itakwenda naye kaburini, wakati kiwanja na ng'ombe vitabaki juu ya nchi vikingoja wenyewe wapya.

Basi wasomaji wetu wapenzi, jioni moja ya juma hili, baada ya sala ya pamoja, waulizeni watoto wenu ni kitu gani wanachokipenda kuliko vyote, nanyi msicheke mtakapojibiwa. Kisha nanyi waacheni watoto wawaulize swali hilohilo. Jibuni kwa kweli, kama mbele ya Mungu; na kama mtatambua kwamba jibu lenu ni kitu wala si mtu, kumbukeni kwamba daraja lingalipo, na Mungu bado anawapa siku za kulivuka.